Shahidi wa Mama Kahambu

Mama Kahambu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Nilifanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka kumi na minne, meza yangu mlangoni na yake dirishani, na nilimsikia akiomba radhi mara moja tu. Na kosa lenyewe halikuwa lake, lilikuwa langu. Nimeamua kuyaandika mwenyewe kabla mtu mwingine hajayaandika akayaharibu.

Mimi ni Nassoro. Kwetu ni Kindu, ila nimezaliwa Kisangani na sina mpango wa kuhama. Katika maabara ya hospitali yetu kazi yangu ilikuwa malaria na vinyesi. Msicheke. Maabara ina vyeo ambavyo havijaandikwa popote: chini kabisa tuko sisi wa vinyesi, kisha watu wa damu, na juu kabisa, dirishani penye jua, anakaa mtu wa vipande vya nyama. Huyo alikuwa Mama Kahambu, Mnande wa Butembo, mfupi, mnene kiasi, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hata wiki ambazo mji mzima ulikuwa umelala chini ya vitanda. Pasi aliipata wapi na makaa aliyapata wapi, hilo sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Kazi yake ilikuwa hivi. Daktari akimpasua mgonjwa na kutoa uvimbe, kipande kinaletwa kwake ndani ya chupa ya formalini. Anakigandisha katika nta, anakikata kwa mashine ya mkono kiwe chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anakilaza juu ya lame, kile kipande kidogo cha kioo, kisha anakipaka rangi. Nyama isiyopakwa rangi haikuambii kitu. Ukiitazama kwa hadubini unaona ukungu tu. Rangi ndiyo inayoifanya iseme. Na Mama Kahambu alijua rangi zote kama wanawake wengine wanavyojua viungo vya samaki, kwa kidole na kwa pua, bila kupima.

Kulikuwa na rangi moja tu iliyomuudhi. Inaitwa nyekundu ya Kongo, na mabingwa wa nje huitumia kutafuta uchafu fulani ndani ya vivimbe. Chupa yetu ilikwisha mwaka wa kwanza wa vita na nyingine haikuja.

"Unaona, Papa Nassoro," alikuwa akiniambia, "rangi iko na jina ya inchi yetu, na dunia muzima iko nayo, isipokuwa sisi."

Aliyasema hayo kila wiki, na kila wiki alikasirika upya.

Mwezi wa sita wa mwaka 2000 majeshi mawili ya wageni yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Sitasimulia hayo hapa, kila mtu wa Kisangani ana siku zake sita na hizi zangu zinanitosha. Walipomaliza, umeme haukuwepo na mabomba yalikuwa makavu. Ndipo watu wa misaada wakaja kuweka matangi makubwa kwenye njia panda, maji yaliyotiwa kloro, na sisi tukapanga foleni na bidoni zetu, yale madumu ya plastiki. Yalikuwa na harufu kali puani lakini tuliyapenda. Miaka mingi hatukuwahi kunywa maji yasiyotufanya tukimbilie chooni, na mimi, kwa kazi yangu, nilikuwa na ushahidi wa hilo mezani kila asubuhi.

Mwezi wa nane akaletwa Pélagie.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Isangi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye alisafiri siku mbili kwa pirogi kupandisha mto, kisha akapanda toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, kutoka bandarini hadi mlangoni kwetu. Shingoni upande wa kushoto alikuwa na uvimbe mgumu. Si rovu la kawaida, lile laini ambalo watu wa pande zetu wanalijua tangu mababu. Huu ulikuwa mgumu kama kokwa. Alikuwa na sauti ya darasani. Siku ya kwanza wodini aliwasahihisha wauguzi Kifaransa chao kwenye karatasi ya joto, kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyekasirika.

Daktari Lambert, mpasuaji wetu wa mwisho aliyekuwa amebaki, alitoa nusu ya tezi pamoja na uvimbe wake, akamletea Mama Kahambu. Mama akaupaka rangi ya kawaida, ile ya zambarau na waridi. Wote wawili wakautazama, kisha wakautazama tena.

Hapa lazima nieleze, na nitaeleza kama alivyonieleza mimi mtu wa vinyesi. Tezi ya shingo ina seli za aina mbili zinazotengeneza homoni. Za kwanza ni nyingi. Zimejipanga duara kuzunguka vifuko vyenye kitu kama utomvu, na homoni yake ndiyo inayoupa mwili joto na kasi. Za pili ni chache, zinaitwa seli C, zimejificha pembeni ya vifuko, na homoni yake inahusika na chokaa ya damu. Kwa rangi ya kawaida huwezi kuzitofautisha. Lakini seli C zina chembechembe ndani zinazopenda fedha. Ukizilowesha katika maji ya fedha, kisha ukazitia dawa ya kusafishia picha, zinageuka nyeusi na nyingine zinabaki na rangi ya chai.

"Ukizionesha feza tu, zinatoka mafichoni," Mama Kahambu aliniambia. "Sawa na batu fulani ya huku kwetu."

Katika uvimbe wa Pélagie hapakuwa na vifuko. Kulikuwa na seli zilizobanana mafungu mafungu. Swali likawa moja: mafungu haya ni ya ukoo gani? Kama ni seli C zilizoasi, basi ni kansa mbaya, na daktari lazima arudi kwenye shingo ile aondoe tezi yote iliyobaki na matezi madogo ya jirani. Kama ni seli zile za kawaida zilizosongamana tu, basi kilichotolewa kimetosha.

"Si aondoe yote tu, awe salama?" niliuliza.

Mama alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyepaka lame vibaya. "Na homoni atapata wapi? Mutu bila tezi anakunywa vidonge kila siku mupaka kufa. Wewe, vidonge ile umeiona wapi hapa Kisangani?"

Sikuwa nimeviona. Mto ulikuwa umefungwa hadi Kinshasa, na dawa zilizokuja kwa ndege zilikuwa za malaria na za majeraha. Mtu asiye na homoni ile hafi siku moja. Anakuwa mzito, anavimba uso, anasikia baridi kwenye jua la saa sita, anasahau majina ya wanafunzi wake, na mwisho analala asiamke. Kwa hiyo kumwachia tezi kungeweza kumuua, na kumwondolea kungeweza kumuua. Jibu lilikuwa ndani ya lame. Na Daktari Lambert alikuwa na nafasi kwenye ndege ya Jumamosi, kwenda kuitafuta familia yake iliyokimbilia mbali. Kama ni kupasua, ni Ijumaa saa mbili asubuhi, baada ya hapo hakuna mwingine.

Jumatatu Mama Kahambu akaanza kukusanya vitu. Fuwele za fedha tulikuwa nazo, chupa ndogo ya kahawia tangu zamani, aliyoifunga kwa kitambaa cheusi na kuificha nyuma ya Biblia yake kabatini. Dawa ya kugeuza fedha iwe nyeusi hatukuwa nayo. Ila dawa hiyo ndiyo wanayotumia wapiga picha, kwa hiyo akaenda kwa Faustin, aliyekuwa na studio karibu na soko kuu, akarudi na unga wa kutosha ndani ya kopo la maziwa. Faustin alimwambia hakuna anayepiga picha siku hizi, watu hawataki kujiona. Tanuri yetu ilikuwa ya umeme, basi akaweka sufuria ya maji juu ya mbabula ya makaa, kipimajoto ndani, akakaa kando yake kuhakikisha joto halizidi digrii sitini.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kuivunja. Kila alipopaka rangi ngumu, aliweka kwenye bafu lile lile lame nyingine ya nyama ambayo jibu lake linajulikana. Kwa Kifaransa lame hiyo inaitwa témoin. Yeye aliiita shahidi. Safari hii shahidi alikuwa kipande cha kidole tumbo cha mgonjwa mwingine, maana ndani ya utumbo nako kuna seli chache zinazopenda fedha. Shahidi akisema kweli, yaani seli zile chache tu zikawa nyeusi na nyama nyingine ikabaki safi, ndipo unamsikiliza mgonjwa. "Bila shahidi sitoi jibu," alikuwa akiwaambia madaktari, hata wale wakubwa waliokuja na viatu vya kung'aa, na waliondoka wakasubiri.

Sasa kosa langu.

Jumanne jioni niliona chupa yake ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, ile kubwa iliyoandikwa EAU DISTILLÉE kwa mkono wake, imebakiwa na vidole viwili. Mashine ya kuchuja ilikuwa haina umeme. Nikajiambia, mama huyu ana mzigo mzito, wacha nimsaidie bila kusema. Jumatano alfajiri nikapanga foleni kwenye tangi saa mbili nzima, nikarudi na bidoni kichwani, nikaijaza chupa ile hadi shingoni. Maji yalikuwa meupe, safi, yametiwa dawa. Kwa akili yangu hapakuwa na maji bora zaidi Kisangani yote. Nilifurahi peke yangu kama mtu aliyeficha zawadi, na sikumwambia kitu.

Akalowesha lame zake katika maji yale. Muda wa saa tatu juu ya makaa, kisha dawa ya Faustin. Alipomaliza jua lilikuwa linashuka, na hadubini yetu ya zamani ilikuwa ya kioo, inakunywa mwanga wa dirishani. Daktari Lambert alikuwa amesimama nyuma yake tangu saa tisa, akitazama saa ya mkononi.

Mama akaweka lame ya Pélagie. Akazungusha kifundo cha hadubini. "Iko nyeusi," akasema.

"Mafungu yote?"

"Yote."

"Bien. Basi ni seli C." Daktari akashusha pumzi.

"Docteur, ngoja. Sijamusoma shahidi. Jua imekwisha, nitamusoma kesho asubui."

"Mama Kahambu, kesho nitakuwa natafuta damu ya kumuongezea. Sina kesho ya kungoja. Umeona nyeusi ao hukuona?"

Akasita. Nilimwona akisita, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akisita. Kisha akasema, "Niliona." Daktari akaenda wodini kumwambia Pélagie.

Pélagie alipoambiwa hakulia. Aliuliza vidonge vinapatikana wapi, daktari akamwambia ukweli, naye akaomba karatasi. Akaandika barua kwa mwalimu mwenzake wa Isangi: nani anajua kusoma na nani anajifanya, nani asikae karibu na nani, daftari la nyimbo liko wapi. Kurasa nne. Aliniomba mimi nimtafutie mtu wa pirogi wa kuipeleka, nami nikaitia mfukoni. Nilimhurumia sana, na sikujua ninabeba nini.

Alhamisi, jua lilipofika dirishani, Mama Kahambu akamweka shahidi chini ya hadubini. Nilikuwa nahesabu vimelea, nikasikia kimya. Ukikaa na mtu miaka mingi unajua vimya vyake. Nikageuka.

"Kuya hapa," akasema. "Angalia."

Nikaangalia. Kila kitu kilikuwa kimejaa weusi, misuli, mafuta, hadi kando ya lame pasipo na nyama.

"Seli ya feza haziko hivi," akasema. "Hii ni masizi. Iko juu ya nyama, haiko ndani. Zungusha uone." Akairudisha lame ya Pélagie, akazungusha kidogo kidogo, na weusi ule ukawa unaonekana vizuri pale ambapo nyama ilikuwa haionekani, kama vumbi juu ya meza. "Jana nilisoma vumbi, Papa Nassoro. Nikaita kansa."

Kisha akaichukua chupa ya EAU DISTILLÉE, akamimina kidogo kwenye mrija, akadondosha tone moja la fedha. Maji yakageuka kama maji ya kuoshea mchele.

"Nani alitia maji humu?"

Ningeweza kunyamaza, tulikuwa watu sita katika jengo lile. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Ni maji ya tangi. Iko safi kabisa, iko na kloro."

"Iko safi ya kunywa!" Akapiga meza. "Ya kunywa, Nassoro! Kloro na feza zikikutana zinashikana, zinaanguka chini, zinakuwa uchafu. Na wewe juu ya nini hukusema?"

"Nilitaka kukusaidia."

Alifumba macho. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na bidoni yangu. Alipoyafumbua, hasira ilikuwa imekwisha, au ameiweka mahali. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Twende kwa docteur," akasema.

Njiani nilipanga maneno yangu. Nilikuwa tayari, naapa. Lakini Daktari Lambert alipoanza kupaza sauti, "Mnaniambia leo? Leo?", Mama Kahambu akaniwahi.

"Kosa ni yangu, Docteur. Chupa iko na maandiko yangu. Na jibu nilitoa mbele ya kumusoma shahidi. Naomba radhi."

Hiyo ndiyo mara moja niliyowaambia. Nilisimama nyuma yake nikitazama viatu vyangu. Nimewahi kuona haya mara nyingi, ila si kama siku ile.

Daktari akatuliza sauti. "Kesho saa mbili nakuwa na kisu mukononi. Ukikuwa na jibu mbele ya ile saa, nitaisikia. Ukikosa, napasua. Siwezi kumuachia kansa. Na musimuambie mugonjwa kitu mupaka tuwe na hakika."

"Utapata jibu," akasema Mama Kahambu. Hakusema "nitajaribu". Alikuwa hana maji, hana mashine, na siku ile hapakuwa na hata wingu la kutupa mvua. Alisema utapata jibu, akatoka.

Nje akanishika mkono. "Lotoko," akasema.

Nilidhani amepagawa. Lotoko ni ile pombe kali ya mahindi na muhogo, na Mama Kahambu, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, alikuwa akivuka barabara ili asipite karibu na wanaoipika. Akaendelea, "Banapika pombe na namna gani? Pipa, moto, mufereji katika maji ya baridi. Ni mashine ya distiller, wewe. Iko yote, isipokuwa umeme."

Basi mimi, Nassoro, mtoto wa msikiti, mchana kweupe, nikavuka mtaa wa Kabondo nimebeba begani mfereji wa lotoko, bomba tuliloazima kwa wapishi wake, Mama Kahambu mbele yangu amebeba kifuniko cha pipa. Tulikutana na watu wawili ninaoswali nao Ijumaa. Mmoja alinisalimia kwa adabu kupita kiasi. Hadi leo nikipita anakohoa.

Tukachota maji ya chemchemi, siyo ya tangi. Tukachemsha pipa wazi kwanza ili harufu itoke, kisha tukafunga mfereji. Chupa ya kwanza alimwaga. Ya pili akainusa, akamwaga. Ya tatu akaitia tone la fedha, tukainama wote wawili, vichwa karibu kugongana. Maji yakabaki kama hayapo. Alicheka kwa sauti, kicheko cha msichana, kisha akanipa kazi ya kuosha vyombo vyote kwa maji yale, kimoja kimoja, mara tatu, na alisimama akihesabu.

Saa nane lame mpya ziliingia kwenye fedha. Saa kumi na mbili zilikuwa tayari zimekauka. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo dirishani. Niliona mkono wake ukienda kwenye hadubini, ukarudi.

"Hapana," akasema. "Jana nilisoma na jua ya namna hii." Akazifunga kwenye sanduku, akaenda nyumbani. Alikuwa na ubishi wa kutosha kulala usingizi. Mimi sikulala.

Ijumaa asubuhi ukungu wa mto ulikuwa umeukalia mji. Saa moja, saa moja na nusu, kioo cha hadubini hakikupata kitu. Wodini Pélagie alikuwa tayari, hajala tangu jana mchana, gauni la upasuaji mwilini, rozari mkononi. Saa mbili kasoro dakika kumi Daktari Lambert akaingia kwetu na kofia yake ya kupasulia kichwani, akasimama mlangoni. Ukungu ukaachia. Jua likaingia mara moja, likaanguka juu ya meza yake.

Alimweka shahidi kwanza. Akatazama muda mrefu. "Chache," akasema. "Chini ya mikunjo, nyeusi, na misuli iko safi. Docteur, angalia mwenyewe." Daktari akaangalia, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha Pélagie. Mama alizungusha, akasogeza lame polepole kutoka pembe hadi pembe, akarudi, akasogeza tena. Nilisikia pumzi za daktari.

"Mafungu iko na rangi ya chai," akasema Mama Kahambu. "Yote. Hakuna hata moja nyeusi."

"Labda rangi haikushika."

"Ilishika. Kuya uone huku pembeni, mahali tezi iko muzima. Iko tatu, iko ine... iko seli C yake mwenyewe, nyeusi tii, zinakaa fasi yake, zinafanya kazi yake. Rangi ilishika, Docteur. Mafungu haiko ya ukoo ile." Akainuka kwenye kiti ili daktari akae. "Na sasa nasema na shahidi."

Daktari Lambert alikaa pale hadi saa mbili ikapita. Alitazama lame zote, akairudia ile ya zambarau na waridi, akauliza kuhusu kingo za uvimbe, kama umevunja ukuta wake, na haukuwa umeuvunja. Mwisho akavua kofia yake. Akasema hatapasua. Akasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba jana alikuwa amekwisha kunoa visu. Kisha akamwambia Mama aende amwambie mgonjwa, kwa kuwa jibu ni lake.

Tulikwenda wawili. Pélagie alipotuona alijaribu kushuka kitandani, akidhani tumekuja kumchukua. Mama Kahambu akamkalisha, akaketi kando yake, akaanza kueleza, vifuko, seli, fedha, na Pélagie akasikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi, akingoja penye kosa.

"Donc juzi mulinidanganya," akasema.

Mama akafungua kinywa. Safari hii mimi nilimwahi.

"Hapana yeye, Mama mwalimu. Ni mimi. Mimi njo nilitia maji mubaya katika dawa yake, na sikusema, na jana alipojitia kosa mbele ya docteur nilinyamaza. Ni mimi Nassoro." Nikatoa barua yake mfukoni, kurasa nne, nikaiweka juu ya shuka. "Na hii sikuituma. Sikupata pirogi."

Pélagie alinitazama. Niliwahi kutazamwa na askari, lakini yule mwalimu alinishinda nguvu. Kisha akamtazama Mama Kahambu.

"Tezi yangu ya kuume iko?"

"Iko."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, mwanangu. Hutatafuta vidonge."

Akashika shingo yake upande wa kulia, akakaa hivyo. Kisha sura yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeonewa.

"Alors juu ya nini niko na njaa? Tangu jana munaninyima chakula!"

Nilikimbia. Chakula changu cha mchana kilikuwa mezani kwangu, lituma ya mke wangu, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukaanga, vyote ndani ya majani. Nikamletea hivyo hivyo. Alimega tonge kubwa, akashikisha samaki, akatia mdomoni na gauni lile la upasuaji bado mwilini, akatafuna. Kabla ya kumeza akasita, kwa kuwa kidonda kilikuwa bado kibichi. Mama Kahambu alimkazia macho shingoni, machozi yanamtiririka hadi kwenye blauzi aliyoipiga pasi, wala hakuyafuta.

Pélagie akameza. Kisha akamega tonge la pili.